Jina la kampuni mpya: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nina steshenari ndogo Dar es Salaam. Natoa kopi, nachapa barua, nabandika picha za pasipoti. Kazi ya pili, ambayo miaka hii imeipiku ya kwanza, ni kuwajazia watu maombi ya BRELA, wakala wa serikali unaosajili biashara na kampuni Tanzania Bara, kwenye ORS, mfumo wao wa mtandaoni. Fomu yenyewe haina shida. Watu wanakwama pale pa kuandika jina. Nimekusanya hapa yale ninayoulizwa sana, na majibu ninayotoa mtu akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu.

Nianze na jina au nianze na biashara?

Biashara. Jina lifuate, lakini litangulie bango, fulana, muhuri na vifungashio. Nasisitiza hilo kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja na mkoba mkubwa. Alitoa mfuko wa unga wa lishe: karatasi ya kaki, kidirisha cha plastiki, jina limeandikwa kwa herufi za kijani, mtoto anacheka pembeni. Mzuri kweli. Ameshachapisha mifuko 2,000. Nikatafuta jina kwenye mfumo, nikalikuta tayari ni la mtu mwingine, tofauti yao herufi moja tu. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe. Alikitazama muda mrefu bila kusema kitu, kisha akauliza kama ile herufi moja haitoshi.

Haikutosha. Tulipata jina jingine, tukachapa stika za kufunika lile la zamani, na yeye na binti zake wakakaa wiki nzima wakibandika mfuko mmoja mmoja.

Jina la biashara na jina la kampuni si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapoteza hela. Jina la biashara linasajiliwa chini ya Sura ya 213 ya sheria za Tanzania, na anayelisajili ni wewe mwenyewe, au wewe na mwenzako, mkifanya kazi kwa jina ambalo si lenu. Likidaiwa, unadaiwa wewe, pamoja na makochi yako ya sebuleni. Kampuni inasajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, Sura ya 212, na ikishasajiliwa inakuwa mtu wake kisheria: inamiliki, inakopa, inashtaki na kushtakiwa. Kampuni binafsi ya hisa lazima jina lake liishie na neno Limited. Jina la biashara haliruhusiwi kulitumia neno hilo hata kama bango linapendeza nalo.

Kuna na jina la tatu, lile lililo mdomoni mwa mteja. Ukienda dukani husemi naomba unga wa Said Salim Bakhresa & Company Limited. Unasema nipe Azam. Jina refu linakaa kwenye mikataba, fupi linakaa kwenye mfuko wa unga, kwenye boti ya Zanzibar na kwenye jezi. Kwa hiyo usijisumbue kutafuta neno moja lifanye kazi zote. Wengi wangefika mbali kama wangesajili jina la kampuni lililopoa kidogo, nguvu wakaziweka kwenye lile la kuuzia.

Jina langu limekataliwa. Nimekosea wapi?

Sababu kubwa ni kufanana. Msajili haangalii herufi kwa herufi kama mwalimu wa imla. Anaangalia kama mtu wa kawaida anaweza kuwachanganya. Ukikuta Mazao Bora Limited ipo, kuja na Mazao Bora Tanzania Limited, au New Mazao Bora, au Mazaobora kwa kuunganisha, ni kujipotezea muda. Maneno kama Tanzania, Investment, Enterprises, Group na General Supplies ni mapambo, na mapambo hayatofautishi nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani moja.

Sababu ya pili ni maneno yenye mwenyewe. Huwezi kuweka benki kwenye jina lako bila leseni inayopitia Benki Kuu. Bima ina mamlaka yake, chuo kikuu vivyo hivyo. Maneno yanayomfanya mtu adhani wewe ni serikali, kama Taifa, Jamhuri na mengine ya ukoo huo, yanahitaji ridhaa, na kwa kampuni ya watu wawili inayouza matairi ridhaa hiyo usiisubiri.

Ya tatu ni majina yasiyofaa: matusi, kashfa, uchochezi. Hayo sijawahi kuletewa, ila mjukuu wa mteja mmoja alinishauri jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Njoo na majina matatu. Kabla ya kuja, tafuta kwenye ORS kwa tahajia zote unazoweza kufikiria: K na C, S na X, neno likiwa moja na likiwa mawili. Ukitafuta Kilimanjaro au Serengeti, jiandae kusogeza orodha mpaka kidole kichoke.

Kiswahili au Kiingereza?

Mimi niko upande wa Kiswahili, na sababu yangu si uzalendo. Ni mdomo. Neno la Kiswahili linaishia na irabu, mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kila anayelisikia anajua kuliandika. Neno la Kiingereza likifika mtaani linaoshwa upya. Blue Band ikawa bluubendi, Colgate ikawa kolgeti, Jik ikawa jiki. Kampuni kubwa zina hela ya kungoja watu wazoee. Wewe una kodi ya fremu ya miezi sita uliyolipa kwa mkupuo.

Angalia M-Pesa. Ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata. Herufi moja ya Kizungu ya simu ya mkononi, halafu neno ambalo hata bibi kijijini haulizi maana yake. Au Ushahidi, ile programu ya Wakenya iliyozaliwa kwenye vurugu za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008: watu walituma taarifa za walichokiona, zikawekwa kwenye ramani. Neno ni la mahakamani, kila mtu analijua, lakini hakuna aliyewahi kuliona limekaa pale.

Siri iko hapo, kwenye neno linalojulikana lililowekwa mahali pasipotarajiwa. Kiswahili peke yake hakitoshi. Ufanisi, Ubora, Maendeleo, Mafanikio na Upendo yamechoka, yananuka ukumbi wa semina. Nikimuona mtu anaelekea huko namrudisha kwenye vitu vinavyoshikika: kinu, ungo, mbuyu, jahazi, kitana, kaa la moto. Au pepo. Watu wa pwani wana kusi na kaskazi, na mpaka leo sijamuona mfuaji nguo aliyeita duka lake Kusi, upepo ambao ndio unamkaushia mashuka. Mwenye kutaka achukue, silidai.

Kiingereza kina mahali pake. Kama wateja wako ni kampuni za migodi au watalii wanaopanga safari wakiwa kwao, jina wanaloweza kulisoma litakusaidia. Hata hao watalii, lakini, neno safari walilichukua kwetu.

Jina lieleze ninachouza?

Lieleze kiasi, lisikufunge. Mfano ninaoupenda uko Kenya. Nakumatt ilianzia Nakuru na magodoro. Jina ni vipande viwili vya Nakuru na neno la Kiingereza la godoro. Tuskys vilevile, nyuma yake kulikuwa na Tusker Mattresses. Naivas imekatwa kutoka Naivasha. Maduka yalipokua yakawa ya kuuza kila kitu, kuanzia maziwa mpaka televisheni, magodoro yalikuwa yameshajificha ndani ya jina na hayakumsumbua mtu. Nakumatt ilifungwa mwaka 2020 kwa madeni. Jina halikuwa na kosa.

Linganisha na kijana anayeandika Mbezi Mwisho Cement and Hardware Supplies Limited. Akihamia Kibaha, jina linamsuta. Akianza kuuza mabomba, linamsuta tena. Kama lazima bidhaa ionekane, iweke kwenye maelezo chini ya bango, kwa herufi ndogo. Bango linafutika kwa brashi na kopo la rangi, cheti hakifutiki hivyo.

Wanyama je? Simba, chui, tai?

Wamejaa. Saruji peke yake ina mbuga yake: Twiga ya Wazo Hill, Simba ya Tanga, Tembo ya Mbeya. Na ukitazama zilivyofanya kazi utaelewa kwa nini. Fundi anayejenga hasomi jina la kiwanda. Anaona picha kwenye mfuko kwa mbali, juu ya lori, kwenye vumbi, anasema leta Twiga ishirini. Mnyama ni jina na picha kwa pamoja. Shida ni kwamba kwenye bidhaa nyingi wanyama wakubwa wameshachukuliwa. Wamebaki nguchiro, kanga, korongo, kakakuona, wala sioni ubaya wao. Kakakuona kwa kampuni ya makufuli lingenifurahisha.

Nitumie jina langu, au la mwanangu?

La kwako ni sawa kama unachouza ni mkono wako: fundi nguo, wakili, daktari wa meno, mpishi wa harusi. Mteja anakufuata wewe. Ila fikiria siku utakayotaka kuuza biashara, au siku mtakayogombana na ndugu. Aliyenunua hatapenda kubeba jina la ukoo wako, na wewe hutapenda kulisikia likitajwa polisi.

La mtoto, nauliza kwanza una watoto wangapi. Nimeona familia yenye baridi kali nyumbani kwa sababu kampuni inaitwa kwa kifungua mimba na wengine watatu wapo tu. Wengine hukata silabi ya kila mtoto wakaunganisha, likatoka neno kama jina la dawa ya mbu. Lisome kwa sauti mara tano kabla ya kunitumia.

Vifupisho vinafaa?

Kwa mwenye nguvu. CRDB ilikuwa kifupi cha jina refu la Kiingereza la benki ya ushirika na maendeleo vijijini. Leo wateja wengi hawajui kirefu chake na wala hawahitaji. Lakini herufi hizo zilikaa juu ya majengo mikoani kwa miaka mingi kabla ya kuzoeleka. Herufi tatu za kampuni iliyozaliwa jana hazina joto lolote. Ni kama namba ya gari.

Nitajuaje kama jina linasemeka?

Piga simu kwa bodaboda. Sisemi kwa mfano, piga kweli. Mchukue anayepaki kituo cha karibu, umpigie akiwa barabarani, mwambie afuate mzigo mahali paitwapo hivyo. Sema mara moja tu. Akiuliza "wapi?" mara mbili, una tatizo. Akifika na jina jingine kabisa, lisikilize vizuri hilo jina alilokuja nalo, pengine ni bora kuliko lako.

Jaribio la pili ni simu ya mteja. Akilipa kwa Lipa Namba, kabla ya kuweka namba ya siri anaonyeshwa jina. Bango linasema Kitana, simu inasema jina la shemeji yako. Hapo mteja anasita, anakutazama usoni, anauliza "ndiyo yenyewe?" Kila mauzo, swali lilelile. Linganisha hayo mawili tangu siku ya kwanza.

La tatu ni muhuri. Chora duara la ukubwa wa kizibo cha chupa kubwa ya maji, jaribu kuzungusha jina lote humo pamoja na sanduku la posta. Kama herufi zinakuwa kama siafu, fupisha.

Je, likiwa na maana mbaya mahali pengine?

Hutokea, tena ndani ya Kiswahili chenyewe. Shoga kwa wanawake wa pwani ni rafiki mpenzi wa kike; mbele kidogo tu neno linasikika kwa maana nyingine kabisa, na saluni yenye jina hilo itapata wachekaji kuliko wasukwaji. Muulize mtu wa Mombasa, wa Bukavu na wa Mwanza kabla hujachapa. Waulize na vijana wa miaka kumi na saba, maana lugha ya mitaani inabadilika bila kutoa taarifa.

Na kama unafanya biashara na Wajapani, wao dubu wanamwita kwa neno ambalo hapa huwezi kulitamka mbele ya mama mkwe. Wao hawajui, nasi tunawasitiri.

Nikishasajili BRELA, hakuna atakayelitumia?

Usajili wa kampuni unazuia mwingine kusajili kampuni yenye jina hilo au linalokaribiana nalo. Haumzuii moja kwa moja mtu kulibandika kwenye sabuni. Kwa hilo unahitaji alama ya biashara, ombi tofauti, chini ya sheria ya mwaka 1986, BRELA hiyohiyo. Unaomba kwa madaraja ya bidhaa na huduma, jumla yake 45: unga uko la 30, nguo la 25, migahawa la 43. Ukilipia la unga hujalipia la mgahawa. Alama ikikubaliwa inatangazwa kwanza ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ulinzi wa mwanzo ni miaka 7, kisha unahuisha kila baada ya miaka 10.

Wengi wanashangaa nikiwaambia alama iliyosajiliwa Bara haivuki maji. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, BPRA. Kama viungo vyako vinauzwa Darajani, omba na kule.

Niko Kenya, au Uganda. Haya yananihusu?

Ya mdomoni yote yanakuhusu. Ya ofisini yana milango mingine: Kenya ni BRS kupitia eCitizen, na jina likikubaliwa linashikiliwa siku 30 ukamilishe usajili, alama za biashara ni KIPI. Uganda ni URSB. Rwanda ni RDB.

Tovuti na kurasa za mitandao?

Siku unayokubaliana na jina, siku hiyohiyo angalia kama .co.tz yake iko wazi, na kurasa za Instagram na TikTok. Usiweke vistari wala namba badala ya herufi. Usitangaze jina kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kabla hujamaliza.

Naweza kulibadilisha baadaye?

Kisheria, ndiyo. Kampuni inapitisha azimio maalum, robo tatu ya kura, inapeleka kwa Msajili, inapewa cheti cha mabadiliko. Namba ya usajili inabaki ileile na madeni yanabaki yaleyale. Wapo wanaodhani jina jipya linafuta madeni ya nyuma.

Kinachouma ni yanayofuata: TRA, leseni, benki, mashine ya risiti, mikataba, muhuri, bango, gari. Na watu. Mtandao mmoja wa simu ulikuwa Celtel, mwaka 2008 ukawa Zain, 2010 ukawa Airtel. Mwingine ulianza Mobitel, ukawa Buzz, ukawa Tigo, na Novemba 2024 ukawa Yas. Walikuwa na matangazo kila ukuta, na bado utamsikia mtu mzima akisema "nitumie kwenye Tigo". Wewe huna huo ukuta.

Tuko washirika watatu, wiki ya tatu hatujakubaliana. Tufanyeje?

Kila mmoja aandike matano kwenye karatasi bila kuandika jina lake. Yachanganyeni, mpeni mtu asiye na hisa ayasome kwa sauti usiku. Kesho yake asubuhi mwulizeni anakumbuka yapi. Nimeona ndugu wawili walionuniana wakimaliza ugomvi kwa njia hii, dada wa kazi ndiye aliyesoma. Alikumbuka moja tu.

Jina tumeshalichagua. Kuna la kuangalia tena?

Tahajia, kabla ya kubonyeza kutuma. Cheti kinatoka na kile ulichoandika, si ulichokusudia. Mwambie mtu mwingine asome herufi kwa herufi, ikiwezekana kutoka nyuma kwenda mbele. Kijana mmoja wa duka la jumla alijijazia mwenyewe kwenye simu, ndani ya daladala, akaruka herufi mbili katikati ya jina. Alikuja kwangu na cheti mkononi, nikampigia hesabu ya usumbufu wa kurekebisha, akafikiri kidogo, akakikunja akaondoka nacho. Jina liko vilevile mpaka leo, juu ya mlango. Wateja wake wanasema wanaenda kwa Mangi.